Nguzo ya Kwanza

Ziwa liliingia kwa Beldina alfajiri, kupitia mlango wa nyuma, bila hodi. Aliposhusha miguu kutoka kitandani alikuta maji yamefika kwenye vifundo, baridi, na sufuria yake ya ugali inaelea karibu na kabati. Alibaki vivyo hivyo ukingoni mwa kitanda, miguu majini, akashindwa hata kupiga kelele. Binti yake Debra, wa miaka saba, alikuwa bado amelala upande wa ukutani, mdomo wazi, hana habari.

Watu wa mjini Kisumu wakisikia kwamba ziwa limepanda hudhani ni mawimbi. Mawimbi yangekuwa afadhali, maana mawimbi hurudi. Haya ni maji yanayosogea polepole, yanakula shamba la mihogo, yanakula choo, yanakula njia ya kwenda kwa jirani. Upande ule wa mbele ya ufuo wa Dunga majirani wote walikuwa wamekwisha kuhama, zikabaki kuta zao tu na magugu maji yaliyojaa mpaka sebuleni. Kaburi la Joram, mume wa Beldina, lilikuwa uani, na msalaba wake ulikuwa umesimama ndani ya maji. Kando ya zizi tupu, kwenye tope, kulikuwa na nyayo za kiboko, pana kama sinia.

"Mama, amerudi tena?" Debra aliuliza alipoamka na kuchungulia dirishani.

"Ameshaenda zake," Beldina akasema. Hakujua kama ameenda.

Sasa utauliza, na una haki ya kuuliza: mwanamke huyu alikuwa anangoja nini? Mbona asimbebe mtoto akaondoka? Kiwanja cha kujenga kilikuwepo huko juu, karibu na barabara ya murram, ile ya udongo mwekundu. Baba mkwe alikuwa amemwachia Joram kiwanja hicho kabla hajafa. Mabati yangeng'olewa hapo kwenye paa la zamani. Shida haikuwa ardhi wala mabati. Shida ni kwamba Beldina alikuwa mjane ambaye hajarithiwa, na kwa desturi za Waluo mjane wa namna hiyo hajengi nyumba. Hata paa likivuja halizibi. Lazima kwanza apatikane mwanaume wa kumrithi, alale kwake, ndipo mwanaume huyo achimbe shimo la nguzo ya kwanza. Akikiuka, inakuja chira, ile laana ambayo humnyausha mtu kidogo kidogo mpaka anabaki mifupa, na mara nyingi, wanasema, huanza na mtoto.

Beldina alikuwa ameokoka, alibatizwa mtu mzima, akaimba na kutoa ushuhuda. Lakini neno hilo, chira, alilisikia kabla hajajua kusema jina lake mwenyewe. Likitajwa, bado alimgeukia Debra kumtazama.

Asubuhi hiyo hiyo alimpigia simu dada yake Winny, aliyeolewa Awasi.

"Winny, maji yameingia ndani. Nataka kuja na mtoto, siku mbili tatu tu."

Beldina alisikia redio ya dada yake, na kijiko kikigonga kikombe.

"Beldina, unajua nakupenda."

"Najua."

"Lakini bado hujarithiwa. Ukilala kwangu hivyo... Nina watoto wadogo, dada yangu. Baba yao atasema nini? Maliza kwanza mambo ya huko, halafu uje ukae hata mwezi mzima."

"Si ni wewe uliyenishika mkono siku ya ubatizo?"

"Nilikushika, ndiyo. Lakini hii ni mambo mengine, Beldina. Wewe mwenyewe unajua hii ni mambo mengine."

Beldina aliiweka simu juu ya kabati, mahali pakavu. Aliona aibu, kana kwamba ana ugonjwa unaonuka na yeye peke yake ndiye hausikii.

*

Nyumba ya mama mkwe, Dorca, ilikuwa juu kidogo, na maji yalikuwa hayajaifikia. Huko ndiko Beldina alikopeleka mtoto na magodoro. Alimkuta shemeji yake Oluoch, mdogo wake Joram, amekaa kwenye kiti pekee chenye mto, anachokoa meno.

"Magodoro yatakaa hapa," Dorca alisema, "na mtoto atakaa hapa. Wewe, Nyar Seme, unajua huwezi." Nyar Seme ndilo jina alilomwita tangu aolewe, yaani binti wa Seme. Hakulisema kwa ubaya.

"Najua, Mama. Lakini kule siwezi kulala tena. Kiboko anakuja mpaka mlangoni."

"Basi tumalize hii maneno," Oluoch akadakia. "Shemeji, ningekurithi mimi, lakini mama watoto wangu amesema nikithubutu atanimwagia uji wa moto, na yule simwamini, atamwaga. Kwa hivyo kuna mtu Asembo Bay. Anajulikana. Atakuja, atalala siku moja, asubuhi atachimba nguzo, ataenda zake. Wewe utakuwa huru."

"Mtu wa kukodi."

"Mtu wa kusaidia."

"Oluoch, mimi nimeokoka."

"Sawa, umeokoka! Nani amekataa? Mimi pia huenda kanisani Krismasi. Sasa huyo Yesu wako atashuka achimbe shimo? Aje basi, jembe liko hapo." Akacheka peke yake. Alipoona mama yake hacheki, akarudi kwenye meno yake.

Dorca alimvuta Beldina nje, nyuma ya jiko. Alikuwa mwanamke mrefu ambaye uzee ulikuwa umemkunja mabegani tu.

"Mwanangu, nisikilize. Nilizika watoto watatu kabla ya Joram. Unajua kwa nini? Nilikuwa kijana, nikakimbilia kuvuna mtama kabla mama mkwe wangu hajavuna wake, nayo ni mwiko. Njaa tu. Nilichukua masuke kidogo tu, nikawachemshia watoto. Walikwisha mmoja mmoja. Nikaja nikabaki na Joram na huyu mpumbavu wa ndani. Joram naye unajua aliko." Akamshika Beldina kwenye kiwiko, kwa nguvu. "Huyo mtoto ndiye nimebaki naye wa Joram. Nakuomba. Funga macho, siku moja tu, iishe."

Oluoch angepiga kelele siku nzima asimtikise Beldina. Lakini mwanamke mzima anayekuomba huku anatetemeka, utamwambia nini? Beldina akajisikia anasema, "Haya, Mama. Aje."

*

Mtu wa Asembo Bay alikuja jioni, jua likiwa bado halijazama. Jina lake lilikuwa Calvince. Alipita kwenye maji ya uani, suruali imekunjwa hadi magotini, viatu ameshika mkononi, na kifuko cha nailoni kikining'inia kwenye kidole. Oluoch alibaki kwenye nchi kavu, mikono kiunoni, kama mnunuzi anayengoja ng'ombe avuke mto.

"Habari ya jioni, mama."

"Nzuri."

"Nimetumwa."

"Najua umetumwa."

Calvince alichungulia ndani juu ya bega lake. "Kitanda mmekiweka juu ya matofali? Maji yasije yakafika juu usiku." Aliuliza kama fundi anayekagua kazi kabla ya kukubaliana bei. Uso wake haukuwa mbaya. Ulikuwa umechoka, mashavu yameingia ndani, na alikuwa akikohoa kikohozi kikavu ambacho alikifichia begani.

"Wewe umeshafanya kazi hii kwa wajane wengi?" Beldina akauliza.

"Mama, mimi sihesabu."

"Wako wapi sasa?"

"Wengine wako."

"Na wengine?"

Calvince aliangalia maji. Beldina akamtazama, akakisikiliza kikohozi kile, akamwaza Debra akibaki peke yake duniani, hana baba wala mama. Alikuwa amekubali kwa sababu ya hofu. Sasa hofu ya pili, ya ugonjwa, ilikuja kubwa kuliko ile ya kwanza, na katikati ya hofu mbili mtu anaweza kusimama wima kwa sababu hana pa kuangukia.

"Rudi," akasema. "Samahani kwa kukusumbua. Rudi tu."

"Mama, ukinirudisha kutoka mlangoni ni vibaya zaidi. Wanasema hivyo."

"Wewe unaamini?"

Calvince alifikiri. "Mimi ni kazi tu, mama." Akageuka, akarudi kwenye maji akiinua magoti juu juu. Alipofika kwa Oluoch alisema kwa sauti kwamba nauli hairudishwi.

Oluoch hakuvuka maji. Alipiga kelele kutoka alipokuwa, ili hata wavuvi waliokuwa wakipita wasikie. "Haya! Umekataa mbele ya macho yangu! Mtoto akianza kukonda usiniite. Na ukimzika, mzike na kanisa lako!"

Beldina alifunga mlango, akauegemea kwa mgongo, akajishika mdomo ili asilie kwa sauti. 

*

Mama Terry, kiongozi wa kina mama wa kanisa, hukaanga samaki pale Dunga, karibu na mahali mashua zinapofikia. Ni mwanamke wa maneno mengi na mafuta mengi. Lakini Beldina alipomaliza kumweleza, aligeuza samaki aina ya ngege aliyekuwa kwenye karai, akamgeuza tena wakati bado hajaiva.

"Unataka nikwambie usiogope?" akauliza mwishowe.

"Ndiyo."

"Sitasema. Mimi mume wangu alipokufa niliogopa mwaka mzima. Nilikuwa nikisikia mtoto anapiga chafya, naangalia mbavu zake. Nilijenga nyumba yangu huku natetemeka, nikalala humo huku natetemeka. Watu wanakuja kanisani kusema Bwana aliwaondolea hofu siku moja, sijui. Mimi aliniondolea kidogo kidogo, mpaka nikaona mbona nimelala."

"Na nisipoondolewa?"

"Basi utakaa kwenye nyumba kavu ukiogopa. Ni afadhali kuliko kukaa kwenye maji ukiogopa." Akampa samaki amefungwa kwenye gazeti. "Jumamosi tunakuja kujenga."

Walikuja kweli. Walikuja na majembe, na kamba, na jerikani, na nyimbo, na uji mwingi kuliko watu. Mabati yaling'olewa kwenye nyumba ya zamani yakapandishwa kwa mikokoteni. Wanaume wa kanisa walikuwepo pia, na nguzo zilikuwa zimelazwa chini, zimepakwa oili chafu zisiliwe na mchwa. Kona ya kwanza ilipimwa, kijiti kikachomekwa. Halafu kazi ikasimama.

Wacha we! Hapo ndipo ilipoonekana kwamba kila mwanaume ana ugonjwa. Fundi Okinyi, ambaye ndiye aliyepima, alishika kiuno akasema mgongo umemkamata toka jana. Mwingine aliona simu yake inalia ingawa hakuna aliyeisikia. Mzee wa kanisa akapendekeza waimbe kwanza wimbo, wakaimba, na ulipokwisha akapendekeza wa pili.

"Wanaume hawa," Mama Terry akasema, mikono kiunoni. "Jumapili besi zao zinatetemesha madirisha. Leo mnaogopa shimo?"

"Si kuogopa, mama," Okinyi akajitetea. "Mimi nina mke. Nikichimba ya kwanza hapa, watu watasema mimi ndiye nimemrithi. Shimo la pili nitachimba, la tatu nitachimba, hata yote. Hiyo ya kwanza tu."

Beldina alikuwa amesimama na kikombe cha uji ambacho hakukinywa. Chini ya mteremko, mbali kidogo, alimwona mama mkwe amemshika Debra mkono. Walikuwa wamekuja kutazama, lakini Dorca hakukanyaga kiwanja. Debra alikuwa anapunga mkono.

Beldina aliweka kikombe chini, akamnyang'anya Okinyi mtaimbo. Ulikuwa mzito kuliko alivyodhani. Aliunyanyua akaushindilia ardhini, na ardhi ikatoa donge dogo tu. Akasikia mama mkwe akipiga yowe kule chini, yowe la msibani. Akataka kuacha. Akasema moyoni, Mungu wangu, na hakupata neno jingine la kuongeza, akaushindilia tena. Kila pigo alisema hivyo tu. Shimo lilipofika kiunoni mwa mtaimbo, kina mama wakaingia na mikono yao kutoa udongo, na Okinyi akasimamisha nguzo akiwa na mgongo mzima kabisa.

*

Nyumba ilipokwisha, Beldina na Debra walihamia humo, zikapita siku chache tu. Debra aliamka akasema kichwa kinamuuma, na kabla ya saa ya chai alikuwa anatetemeka chini ya blanketi, macho mekundu, ngozi inaunguza.

Habari mbaya haina haja ya bodaboda. Dorca alifika akiwa peku, ameshika chupa ya soda iliyojaa maji ya kahawia. Alisimama nje, mbali na mlango, kwa sababu nyumba ile kwake ilikuwa ni kaburi lililo wazi.

"Nyar Seme! Mlete mtoto hapa nje. Hii ni manyasi, dawa ya chira. Nimemwendea mzee mwenyewe, amechemsha mizizi. Akinywa sasa hivi, na wewe ukioga itakayobaki, na nyumba ikibomolewa leo..."

"Mama, ana homa. Nampeleka zahanati."

"Joram alipelekwa hospitali! Wale wangu watatu walipelekwa! Hospitali haijui hii!" Dorca alipiga magoti kwenye kokoto. "Unataka nini? Nikulambe miguu? Nipe mtoto!"

Hapo, jamani, hapo ndipo Beldina nusura aanguke. Kuchukua chupa ile kulikuwa kitu chepesi. Angeichukua, angemnywesha, na mtoto akipona au akifa, hakuna ambaye angesema ni yeye. Alipiga hatua moja hadi mlangoni. Mkono ulikuwa umekwisha kunyooka. Debra akatapika nyuma yake, na Beldina akageuka, akamfunga mgongoni kwa leso, akamwita mwenye bodaboda aliyekuwa amesimama barabarani akitazama sinema ya bure.

"Ukimzika!" Dorca alilia nyuma yao. "Ukimzika mimi nitakwambia nini?"

Zahanati ilijaa watu wa mafuriko. Daktari, kijana mpole anayeitwa Amir, alimchoma Debra kidole, akamwekea dripu, akasema wangoje majibu. Alisema pia, akiwa amekwisha kugeuka, kwamba mtoto amechelewa kidogo, na kwamba leo asubuhi wamempoteza mmoja. Nadhani alitaka tu kusema amechoka. Beldina alibaki na maneno yale kwenye benchi la mbao, mgongo ukutani.

Hofu ilimjia yote kwa pamoja. Aliona kaburi dogo kando ya lile la Joram, nalo limejaa maji. Alimwona Oluoch akimpa mkono wa pole huku macho yakisema nilikwambia. Alikumbuka mtaimbo ukiingia ardhini, akatamani angekuwa na uwezo wa kuutoa. Alianza kuomba maombi aliyozoea, yale ya kanisani, yenye maneno mazuri, lakini hayakuwa yake. Akayaacha. Akaongea tu, midomo ikicheza, mama aliyekaa pembeni akisogea kumpa nafasi.

"Mungu, nimechoka kuogopa. Oluoch anasema ni nguzo. Mama anasema ni nguzo. Mimi sijui kitu. Kama ni kosa ni langu, si la mtoto. Lakini wewe ndiye uliyenipa huyu, na hukunipa ili unitege. Hilo tu ndilo najua. Nilidhani mimi ndiye namshikilia asife. Siwezi tena, mikono imekwisha. Mshike wewe. Ukimwacha hapa, ni wako. Ukimchukua, ni wako. Na mimi pia ni wako, unisaidie."

Hakusikia sauti. Hakuna aliyeanguka wala kuona nuru. Ila mabega yake, ambayo alikuwa ameyabana tangu siku ile maji yalipoingia, yalishuka yenyewe. Akavuta pumzi ikafika mpaka chini. Hakuwa na uhakika kwamba mtoto atapona. Hakuwa na uhakika wa kitu chochote. Lakini alijua, kama mtu anavyojua yuko nyumbani kwake, kwamba hayuko peke yake kwenye benchi lile, na kwamba likija lolote litamkuta na mwenzake. Alilia kidogo. Na palepale, katikati ya watoto wanaolia na watu wanaogombania foleni, akalala usingizi. Muuguzi alimtikisa mara mbili ndipo akaamka.

"Mama Debra, ni malaria. Haya maji yamejaza mbu kila mahali. Tumeshaanza dawa, tutaona."

"Ataishi?"

"Nimesema tutaona, mama."

"Sawa," Beldina akasema. "Tutaona." Akaenda kukaa kwenye kitanda cha mwanawe, akamshika mguu, na mkono wake ulikuwa umetulia.

*

Debra aliruhusiwa kutoka akiwa mwepesi kama kuku wa mwezi, lakini anaitisha chapati. Oluoch alisema hiyo ni chira inarudi nyuma ipate nguvu. Maneno hayo yalimchoma Beldina, tusidanganyane. Kila asubuhi alimtazama mtoto mbavu, na kila asubuhi ilibidi amrudishe tena mikononi mwa Mungu kabla ya kuwasha jiko. Siku nyingine ilimchukua muda mrefu.

Kisha mvua ikanyesha siku nzima, ziwa likapanda tena, na jioni, kabla giza halijaingia, Beldina alifungua mlango kumwaga maji machafu akamwona mama mkwe amesimama kwenye mvua, pale pale alipopigia magoti siku ile. Hakuwa na chupa. Alikuwa na nguo zake kwenye beseni kichwani, na maji yalikuwa yakimtiririka usoni.

"Nyumba imekwisha," Dorca akasema. "Ukuta wa nyuma umeanguka."

"Oluoch yuko wapi?"

"Ameenda kwa kina mke wake. Mimi siwezi kulala kwa wakwe wa mwanangu, nitakuwa mtu gani?"

"Ingia, Mama."

"Wee! Niingie humo? Nyumba ambayo haina mwanaume aliyeifungua? Na mimi mama mkwe wako, nilale chini ya paa lako?" Alitikisa kichwa, beseni likayumba. "Nimekuja tu kukwambia, ukiona sipo asubuhi, ujue."

"Ukikaa hapo nje usiku kucha, utakufa kwa baridi."

"Nikiingia, nitakufa kwa ile nyingine."

Debra alitokeza kichwa chini ya kwapa la mama yake. "Dani," alimwita, kama wajukuu wa huko wanavyowaita bibi zao, "chai iko. Ina tangawizi." Dorca alimtazama mtoto yule. Alimtazama mashavuni, shingoni, mikononi, polepole, kama anayetafuta kitu alichokuwa na hakika atakikuta.

"Wewe, Nyar Seme. Niambie ukweli. Wewe huogopi humo ndani?"

"Naogopa, Mama."

"Hata sasa?"

"Hata sasa. Jana nimeogopa. Ikija nampa Mungu, natulia. Ikirudi nampa tena. Yeye hachoki. Nimeona hachoki."

"Na kama nikifa humo?"

"Nitakuzika."

"Vizuri?"

"Vizuri kabisa. Na kwaya, na besi zote za kina Okinyi."

Kitu kama kicheko kikamtoka Dorca, kikakatika katikati. Beldina alitoka kwenye mvua, akamtua beseni, akaliweka ndani, kisha akarudi kusimama mlangoni na kunyoosha mkono. Mkono wa mama mkwe ulikuwa baridi.

"Niombee kwanza," Dorca akanong'ona. "Lakini usifunge macho. Nataka uniangalie nikiingia."

Basi Beldina akaomba macho yakiwa wazi, akimwangalia. Aliomba maneno machache, yale yale ya kwenye benchi. Dorca aliinua mguu wa kulia, akaurudisha chini, akauinua tena, na huku amefumba macho yeye, akavuka kizingiti.